Paka, Mwambie Mama Lusajo

Salamu ya kwanza ya baba mkwe wangu ilinifikia mwaka wa kumi na moja wa ndoa, na aliyeileta alikuwa paka.

Mimi ni Mbena wa Njombe, nimelelewa KKKT, kanisa la Kilutheri, ni fundi cherehani hapa Uyole, Mbeya. Mume wangu ni Mnyakyusa wa Rungwe, dereva wa malori njia ya Tunduma, mtu wa siku nne nyumbani na siku kumi barabarani. Kwao si mbali. Unapanda Noah au Coaster, unapita Isyonje penye viazi na baridi ya kukata masikio, unashuka Kiwira, unaingia Tukuyu, kisha bodaboda inakupeleka kwenye njia ya udongo mwekundu, migomba huku, chai huku. Ukiondoka asubuhi, mchana unakula kwao.

Pamoja na ukaribu huo, kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimelala ukweni usiku sita. Nimehesabu. Mmoja wa harusi, mitatu ya misiba, miwili ya Krismasi. Siku nyingine zote nilikuja na kurudi, saa tisa alasiri nimeshaanza kuulizia gari. Lakini sukari nilituma. Vitenge, sabuni za mche, dawa za presha za mama, pesa ya mbolea. Kwenye daftari la mkamwana mwema nilijipa alama za juu bila kusita.

Tatizo lilikuwa mzee. Nikiingia uani kwa mbele, yeye anatokea nyuma. Tukikaribia kukutana njiani anakohoa, anakata kona na kuingia kwenye migomba kama mtu aliyekumbuka ghafla kukagua mkungu. Hajawahi kunipa mkono. Chakula, yeye sebuleni, mimi jikoni. Mwaka ule wa kwanza nilimuuliza mume wangu, akanijibu, "Ni heshima tu." Basi, ndiyo maelezo yote niliyopata. Nikajitafsiria mwenyewe: mzee hanitaki kwa kuwa si wa kwao. Tafsiri hiyo niliilea kama mtoto. Siku moja tukiwa kwenye ugomvi wa mambo mengine kabisa nilimrushia mume wangu Wagalatia 3:28, hapana Myahudi wala Myunani, kama mtu anayerusha sahani. Akanitazama. "Sasa Myunani ni nani hapa?" Nikanuna hadi kesho yake.

Mwaka juzi mwezi wa pili, mama mkwe aliteleza akitoka kukata majani ya ng'ombe. Anayeujua utelezi wa Tukuyu wakati wa mvua hahitaji kuhadithiwa. Mguu ukavunjika chini ya goti. Akafungwa hogo la plasta, akaambiwa wiki sita asiukanyagie. Wifi yangu mkubwa yuko Dar es Salaam, mdogo alikuwa na kichanga cha wiki tatu, mume wangu yuko Zambia na mzigo. Kikao cha familia kikafanyika kwenye simu. Nawaambia ukweli, pesa ilipatikana ndani ya dakika ishirini, kila mtu na ahadi yake. Ilipofika zamu ya kumtafuta mtu wa kwenda, mtandao ukawa mbaya kwa kila mmoja.

Mezani kwangu kulikuwa na sare 34 za kwaya, za Pasaka, kitambaa cha zambarau, mwili umeshakatwa wote, bado kuunga mikono na kola. Nilikaa nikavitazama vile vitambaa muda mrefu. Sikupata ufunuo wowote. Nilichopata ni aibu, kwa sababu wiki moja kabla nilikuwa nimeongoza kipindi cha akina mama kanisani, na somo lilikuwa kuchukuliana mizigo. Nikawapeleka wanangu kwa dada yangu, nikafunga cherehani ya mkono kwenye boksi, nikabeba vitambaa kadiri nilivyoweza, nikapanda gari. Konda akanitoza nauli ya mashine kama abiria.

Nieleze nyumba ilivyo, maana bila hivyo hamtanielewa. Mama tulimhamishia sebuleni ili asihangaike na korido. Sebule na jiko vimetenganishwa na mlango usio na ubao, una pazia tu. Kitanda cha mama kilikaa mahali ambapo akigeuza shingo kushoto anamwona mzee kwenye kiti chake, na akiinua kichwa kidogo ananiona mimi kwenye kigoda mbele ya mafiga, kwa upenyo wa pembeni ya pazia. Kwa wiki sita alikuwa mtu pekee aliyetuona wote wawili.

Wiki ya kwanza siwezi kuipamba. Kumgeuza, kumwogesha, kumpeleka chooni kwa kiti cha plastiki tulichokitoboa katikati. Tuligombana kuhusu chumvi siku ya pili, kuhusu kuni mbichi siku ya nne. Mbalaga yangu, kwa maelezo yake, ilikuwa ndizi zilizochemshwa na mtu mwenye haraka. Nami nilikuwa na haraka kweli. Usiku nilikuwa nahesabu siku zilizobaki kama mfungwa.

Siku ya tano mama alikuwa amelala, kijana wa ng'ombe ameshaondoka, hakuna mtoto wa kutumwa. Nikasikia mzee anakohoa upande wa pili. Kimya. Akakohoa tena. Nikajua anataka kitu na hana mdomo wa kukipitishia, maana siku zote ulikuwapo mtu wa katikati. Halafu sauti ikatoka, nzito, ya mtu mzima anayefanya jambo la maana:

"Paka, muulize mama Lusajo kama chai ipo."

Paka alikuwa amelala kwenye majivu ya moto, hana habari. Nikamtazama. Nikawaza, nikicheka nimeharibu. Nikasema, "Paka, mwambie baba chai ipo. Sukari ndiyo imeisha."

"Paka, mwambie haina neno."

Kutoka kitandani nikasikia kitanda kinatikisika. Mama hakuwa amelala. Alikuwa anacheka huku ameshika mguu.

Nikamwekea chai kwenye stuli karibu na pazia, nikarudi nyuma, mkono wake ukatoka, ukaichukua. Ndivyo tulivyoanza. Paka alitumwa kuuliza mvua imenyesha wapi, kunipa pole ya kuni, kunijulisha kwamba ng'ombe mmoja ameacha kula. Mnyama yule hakuwahi kupanda cheo hivyo maishani mwake.

Mama ndiye aliyenieleza. Zamani, alisema, mke akimwona baba wa mumewe njiani alijificha au alijifunika, na jina lake hakulitaja kabisa. Vijana wenyewe walikuwa wanaondoka kwa baba zao wakiwa wadogo, wanajenga kijiji chao na wa rika lao, ili wakioa, wake zao wawe mbali na macho ya wazee. Mengine nilikuja kuyasoma baadaye. Monica Wilson, mtafiti aliyeishi Unyakyusa na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliandika sana juu ya vijiji hivyo vya marika, na juu ya neno moja la Kinyakyusa, ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako, kula nao, kupiga nao soga bila haraka. Kumbe watu walewale waliompangia mkamwana umbali ndio waliokuwa na neno maalumu la kukaa pamoja.

"Sasa mimi nilidhani hanitaki," nikamwambia mama.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. "Anakukwepa kwa sababu amekuhesabu. Asingekuhesabu angekupita kama anavyompita mbuzi."

Miaka kumi na moja! Na jibu lilikuwa linanisubiri pale kitandani, nami kila nikija nilikuwa naangalia saa.

Najua wapo watakaosema hizo ni mila, Mkristo amewekwa huru, pazia ling'olewe. Mchungaji wangu ana maoni yake na tumeyajadili. Mimi nitasema nilichokiona. Pazia lenyewe lilikuwa kitenge cha zamani, kimeliwa na moshi, kimepasuka katikati mkono unapita. Wiki ya pili niligundua kitu kilichonisumbua. Mzee alikuwa anakaa upande, kiti kimeelekea ukutani, shingo ameipinda ili aongee na mkewe. Nilidhani ni mgongo. Kumbe ni ule mpasuko. Nikiinama kwenye mafiga naonekana, basi yeye, wa miaka zaidi ya sabini, alikuwa amegeukia ukuta siku kumi na moja ili asinitazame nikiwa kazini, kichwa wazi, kanga imelegea. Hakuniambia. Hakumtuma hata paka.

Nilikuwa na vipande vya zambarau vilivyobaki kwenye ukataji. Usiku ule nikashusha pazia, nikaweka kiraka kirefu toka juu hadi chini, nikapiga mshono mara mbili, nikakunja pindo upya. Tulikuwa Kwaresima, nikawa nacheka peke yangu: pazia la hekalu lilipasuka toka juu hata chini, na mimi hapa nashona la kwangu toka juu hata chini. Kama kuna mtaalamu wa theolojia anasoma hapa anisamehe, mimi ni fundi.

Asubuhi nikasikia kiti kinaburuzwa. Amekigeuza. Amekaa akimwelekea mke wake, mwanga wa dirisha unamwangukia vizuri. Kimya kirefu, kisha, bila paka:

"Ndaga fijo."

Asante sana. Nikaijibia sufuria, "Ndaga, baba." Mchana wake tukarudi kwa paka kama kawaida.

Mzee ni Mmoravian wa kurithi. Misheni ya Rungwe ilianza 1891, na kwa watu wa kule hiyo si historia ya kitabuni, ni babu wa fulani alibatizwa na fulani. Ana kile kitabu chao cha mistari ya kila siku, ambacho Wamoravian wamekuwa wakikitoa tangu 1731, na baada ya kula anasoma mstari wa siku, halafu anaongeza sura anayotaka. Lakini macho yameshaingia mtoto wa jicho. Alikuwa anasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, neno, anapapasa, neno. Jioni moja ilikuwa Zaburi ya 121. Akafika, "Asiuache mguu wako…" akakwama. Akarudia. Akakwama. Mimi nachambua maharage, na zaburi ile nilikaririshwa nikiwa darasa la kipaimara, hata sikufikiri, nikamalizia: "Usogezwe, asisinzie akulindaye."

Kimya. Nikajua nimevuka mpaka. Kisha mama, kutoka kitandani: "Wangu mbona umesogezwa."

Ndipo nikamsikia mzee akicheka kwa mara ya kwanza. Kicheko chembamba kuliko sauti yake, kama cha kijana. Dakika kadhaa baadaye Biblia ikaja chini ya pazia, juu ya stuli, kama chai iliyorudishwa. "Paka, mpe mama Lusajo asome yeye."

Mnadhani aliniomba Ruthu. Hata mimi nilidhani. Mkwe na mkamwana, Naomi na Ruthu, "watu wako watakuwa watu wangu", nilikuwa nimeshaandaa na sauti. Mzee akataka kitabu cha Hesabu.

Hapa lazima mjue kazi yake. Miaka mingi alikuwa karani wa mizani kwenye chai. Wachumaji wanaleta vikapu, majani mawili na chipukizi, yeye anapima, anatoa uzito wa kikapu, anaandika kilo kwenye daftari na kwenye karatasi ya mkulima. Mpaka leo akinyanyua mkungu wa ndizi anakuambia kilo zake. Kwa mtu wa namna hiyo, kile kitabu ambacho sisi wengine tunakiruka ndicho kitamu. Sura ya kwanza ni sensa ya wanaume wa vita, kabila kwa kabila. Nasoma, Reubeni 46,500, Simeoni 59,300, na upande wa pili namsikia anajumlisha kwa sauti ya chini. Gadi 45,650. "Laki moja, hamsini na moja elfu, mia nne na hamsini." Yuda 74,600. Alipofika mwisho alinitangulia. Kabla sijasoma jumla, yeye ameshasema, "Laki sita, elfu tatu, mia tano na hamsini." Nikasoma. Ndiyo hiyohiyo. Akanyamaza kwa kuridhika, kama Musa angemwuliza yeye.

Mvua ilikuwa na kauli yake kwenye usomaji huu. Ikishuka juu ya bati husikii hata mawazo yako. Basi tunasubiri, yeye kule, mimi huku, mama katikati, dakika kumi, ishirini, hakuna anayesema kitu kwa sababu hakisikiki. Mwanzoni nilikuwa nachukua simu. Baadaye nikaacha, si kwa utakatifu, chaji ilikuwa ya shida. Nikagundua nasubiri mvua ipungue ili nisikie jumla.

Tulipofika sura ya saba nikafungua nikaona aya 89, nikakata tamaa. Wakuu kumi na wawili wanaleta matoleo ya kuiweka wakfu madhabahu, kila mmoja siku yake. Siku ya kwanza Nashoni mwana wa Aminadabu, wa Yuda: sahani moja ya fedha ya shekeli mia na thelathini, bakuli la fedha la shekeli sabini, kijiko cha dhahabu cha shekeli kumi kimejaa uvumba, na wanyama wake. Siku ya pili Nethaneli mwana wa Suari: sahani ileile, bakuli lilelile, kijiko kilekile. Siku ya tatu Eliabu mwana wa Heloni, vilevile. Mara kumi na mbili! Nikamwomba paka aulize kama naweza kuruka, nisome majina tu.

"Paka, mwambie haturuki. Mwambie tutasoma mkuu mmoja kila jioni, kama walivyoleta wenyewe."

Kisha akasema maneno marefu kuliko yote aliyowahi kunisemea, na paka akasahauliwa nusu njia. Kwamba kwenye mizani kulikuwa na makarani wavivu. Wakiona vikapu vinavyolingana wanapima kimoja, vingine wanaandika "vilevile". Mama fulani amepanda mlima na kikapu chake kwenye mvua, anafika anaambiwa wewe vilevile. Yeye alikuwa hafanyi hivyo. Kila kikapu kilipanda mizani, hata kama mshale ulisimama palepale. "Sasa angalia hapa," akasema. "Kumi na wawili wameleta kitu kimoja, na Mungu hakuandika vilevile. Ameandika kila mtu na sahani yake."

Nilikuwa nimeshika kola ya zambarau mkononi, sindano imesimama. Nilifikiria jioni zangu pale. Zote zilikuwa vilevile. Maharage, moto, pazia, kikohozi, chai. Kama ungeniuliza nimefanya nini wiki nne ningekuambia hakuna.

Jioni moja alinipa ruhusa nichague somo, nikaingiza utundu wangu. Nikasoma Waefeso 2:14, kwamba Kristo ndiye amani yetu, "akakibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga." Nikasoma polepole, nikakazia kiambaza. Nikasubiri.

"Paka," akasema, "mwambie mama Lusajo kiambaza cha Paulo kilikuwa cha uadui. Hiki ni cha kitambaa, na amekishona mwenyewe."

Amenishinda. Mama alicheka hadi akaomba maji.

Tukirudi kwetu makanisani, niseme la moyoni kidogo. Sisi tunajua kukutana. Kamati, kwaya, umoja wa akina mama, semina za ndoa za siku mbili ukumbini zenye soda na biskuti, wanandoa wanaambiwa watazamane machoni dakika tatu. Nimehudhuria, nimeshona hata sare za semina. Lakini Marko 3:14 inasema Yesu aliwaweka wale kumi na wawili "wapate kuwa pamoja naye", na kuhubiri kukafuata baada ya hapo. Zaidi ya hayo, walichofanya kwa sehemu kubwa ni kutembea, kula, na kukosa kuelewa. Na rafiki zake Ayubu, watu tunaowasema vibaya kila siku, waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila neno. Mimi naona hizo ndizo siku zao bora. Walipofungua mdomo ndipo walipoharibu.

Gharama ilikuwepo. Nilishona sare 11 kwa mashine ya mkono, mzee akiuliza jioni, "Paka, mbona leo mashine haijaimba?" Zilizobaki 23 ilibidi zichukuliwe na fundi mwingine, na kwaya ile haijarudi kwangu hadi leo. Mtu asinishuhudie kwamba baada ya hapo Bwana alinifungulia milango ya kazi mara mbili. Hakufungua. Nilidaiwa kodi ya fremu miezi miwili.

Hogo lilitolewa tukiwa tumefika mkuu wa kumi, Ahiezeri mwana wa Amishadai, wa Dani. Mguu wa mama ulitoka mwembamba kama mwiko, akautazama kwa dharau. Siku mbili baadaye mume wangu akaja kunichukua. Mzee alikuwa migombani tulipoondoka. Nilimsikia akikohoa.

Wiki tatu zikapita, Pasaka ikapita. Siku moja simu ya mume wangu ikaita, mzee. Yeye ni mtu wa kupigiwa, hapigi. Mume wangu akasikiliza, uso ukabadilika, nikaogopa. Akaniuliza, "Mama Lusajo, baba anauliza, eti umewaacha wakuu wawili. Wakuu gani?"

Tulipanda Jumamosi iliyofuata, na watoto. Sasa ni desturi yetu, mara moja kwa mwezi, kulala. Siku ile jioni nikakaa kwenye kigoda changu, pazia lenye kiraka cha zambarau liko palepale, mama amekaa kwenye kiti akijifanya anachambua mchele. Biblia ikaja juu ya stuli. Nikaifungua, ndani kulikuwa na karatasi ya zamani ya mizani, imepauka, kilo hazisomeki, imewekwa Hesabu 7 aya ya 72. Hakuwa ameruka. Kwa wiki tatu alikuwa amesoma zaburi na kumwacha Pagieli mwana wa Okrani akisubiri na sahani yake.

Lusajo, ambaye hana habari na lolote, akachungulia kwa upande wa babu, akachungulia kwa upande wangu, akauliza kwa nini hatukai chumba kimoja. Hakuna aliyemjibu.

"Paka," sauti ikatoka, "mwambie aanze. Siku ya kumi na moja."